Kijiko Alichotufungia Fundi

Mwezi uliopita nilikwenda Roret kumwona mama, na pale njia panda ya kuteremkia kwetu nikamkuta kijana akichomelea lango la chuma. Sikuwa na nia ya kusimama. Lakini ile harufu ya chuma kinachoungua ilinishika, nikabaki kando ya barabara na mkoba begani kama mtu aliyeitwa jina lake. Nawe pia unajua, mwenzangu, jinsi harufu inavyoweza kukufanya mtoto tena. Mimi ilinirudisha mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka tisa, katika ua wa jirani yetu aliyekuwa fundi.

Fundi hakuwa wa kabila letu. Baba yake alitoka milima ya upande wa magharibi akaja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, kisha akanunua kipande cha ardhi kilichopakana na cha babu. Fundi mwenyewe alizaliwa pale pale. Alikisema Kipsigis, lugha yetu, kutuzidi sisi watoto, kwa maana sisi tulichanganya na Kiswahili cha shule. Mke wake na mama yangu walichuma chai mstari mmoja. Ile mboga chungu ambayo kogo, yaani nyanya yetu, na mama waliiita isagek, mke wa fundi aliiita chinsaga, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake hajui kuipika. Kogo akituma kwao kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, nasi tulirudishiwa mkungu wa ndizi. Binti yao na mimi tulikalia dawati moja. Tulipasua kifutio kimoja vipande viwili kwa meno.

Babu alipokufa alimwachia baba trekta ndogo ya zamani, ya kijivu, iliyowaka asubuhi kwa kubembelezwa. Ililima mahindi, ikavuta mkokoteni wa kuni, basi. Lakini njia yetu ya kwenda kituo cha kuuzia majani ya chai ilikuwa balaa. Mvua ikinyesha, lori la kiwanda lilikwama chini kwenye matope, na kina mama wakapandisha vikapu mgongoni huku wakishikana mikono wasianguke. Mama alianguka mara moja akiwa na mimba ya mdogo wangu. Jioni ile baba alikwenda kwa fundi.

"Nataka kijiko mbele ya trekta," alisema. "Cha kuzoa udongo wa murram na kusukuma matope."

Fundi alizunguka ile trekta mara tatu, akalipiga teke tairi la mbele kwa upole. "Hii ni mzee," akasema. "Magoti yake ni mabovu. Tukimtwika mzigo mbele tu, ataanguka kifudifudi. Lakini tunaweza kumsaidia."

Likizo ile yote ya Aprili walijenga. Fundi alikuwa ameokota mikono miwili ya chuma na jeki za mafuta kutoka kwenye mashine iliyokufa huko Kericho. Hakukifunga kijiko kwenye pua ya trekta kama baba alivyotaka. Alichomelea vyuma virefu kutoka mbele hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili mgongo ubebe uzito badala ya magoti. Mafuta ya kuinulia aliyavuta kwa mipira kutoka kwenye pampu ya trekta yenyewe. Sisi watoto tulikatazwa kutazama moto wa kuchomelea, na bila shaka tuliutazama kupitia vidole. Macho yalituwasha kama yamejaa mchanga, na kogo akatuwekea vipande vya viazi machoni.

Siku ya kujaribu, walizoa udongo, baba akavuta mkono wa kuinulia, na magurudumu ya nyuma yakapanda hewani! Kina mama walipiga yowe. Fundi alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake alijaza zege kwenye pipa, akalining'iniza nyuma kama mtoto mgongoni, na trekta ikatulia. Halafu akatuweka mimi na binti yake ndani ya kijiko, akatuinua taratibu. Tuliona chai yote imelala kijani kibichi hadi ukingo wa mbali, na moshi wa jikoni kwetu na wa jikoni kwao ukipanda na kuchanganyika. Rafiki yangu alinishika mkono kwa nguvu. "Usiniachilie," alisema. Sikumwachilia.

Kuendesha kijiko kile hakukuwa rahisi. Mkono wa kuinulia ulikuwa na tabia yake. Ukiuvuta haraka, mafuta yaliruka na mipira ikapasuka. Kwa wiki nzima fundi alisimama kando ya baba akimfundisha kwa subira, kama mtu anayemfundisha mwenzake wimbo. "Polepole. Msikilize kwanza. Sasa vuta." Watu wawili tu katika kijiji chote waliweza kazi ile, fundi na baba. Walitengeneza njia hadi kituoni, na mwaka ule lori halikukwama tena.

Halafu ulikuja ule msimu ambao watu wazima walianza kunyamaza watoto tulipoingia. Shuleni mwalimu aliita majina asubuhi na wengine hawakuitika. Tulisikia kwamba upande wa mpakani nyumba za watu wa kabila la fundi zinachomwa. Asubuhi moja fundi alikuja kwetu amevaa koti la kanisani, mke wake nyuma yake na godoro kichwani. Walikuwa wanakwenda kujihifadhi misheni mpaka hali itulie. Alimpa baba ufunguo wa karakana yake.

"Niangalizie, ndugu yangu," alisema. "Sina mwingine."

Baba aliupokea kwa mikono miwili. "Nenda salama. Hapa hakuna atakayegusa kitu."

Rafiki yangu alinipa kipande chake cha kifutio, ati nisikose cha kutumia. Ndivyo tulivyoagana. Tulidhani ni wiki moja.

Siku ya tatu, saa nne hivi asubuhi, wanaume walikuja. Wengine niliwajua, mmoja aliimba kwaya na mama. Mimi nilikuwa ndani ya chai nikichuma, karibu kabisa, na hawakuniona. Walisema nyumba ya fundi iondolewe ili asipate pa kurudia, lakini hawakutaka moto, kwa sababu upepo ungeupeleka kwetu.

"Mzee, lete tu ufunguo wa trekta," kiongozi wao alimwambia baba. "Wewe kaa nyumbani. Vijana watasukuma."

Ningetamani nikuambie kwamba walimwekea panga shingoni. Baba aliwatazama, akatazama trekta, akasema:

"Hamtaweza. Ina namna yake. Mtaiharibu."

Akapanda mwenyewe.

Aliiendesha vizuri sana. Polepole, kama alivyofundishwa. Ukuta wa kwanza uliinama kama mtu anayesujudu, kisha paa likakaa chini. Karakana ilikuwa ya mwisho. Ile aliifungua kwanza kwa ufunguo aliopewa, wakatoa vyuma na vifaa, ndipo akaisukuma. Alipomaliza alishusha kijiko chini kwa upole, akazima injini, akapangusa mkono wa kuinulia kwa kitambaa.

Kogo alitoka nje akasimama katikati ya ua. Alikuwa na msemo wake kwamba jirani ni ngozi yako, ukiichuna ni wewe utakayesikia baridi. Siku ile hakuusema. Alimtazama mwanawe akinawa mikono, akaingia ndani, na tangu hapo hakula tena chakula kilichoandaliwa kwenye meza ya baba.

Fundi hakurudi. Nasikia alipita mara moja akiwa kwenye lori, akaona, akamwambia dereva aendelee. Mabati yake yaliezekwa kwenye zizi letu. Mwaka uliofuata baba alipanda chai pale palipokuwa na nyumba, na ilistawi ajabu. Chai hiyo ndiyo iliyonisomesha sekondari. Kwa miaka mingi baba aliwaambia wageni, "Walinilazimisha," nami nilikuwa nikiwamiminia chai. Rafiki yangu sijui yuko wapi. Nimewahi kumtafuta, kisha nikaogopa kumpata, kwa sababu ningemwambia nini?

Pengo la ua tulilopitia kwenda kwao limeziba. Hakuna tena anayebishana na mama jinsi ya kupika isagek, naye siku hizi haipiki. Vijana wanaochuma pale hawajui kama palikuwa na mlango.

Baba tulimzika miaka miwili iliyopita. Watu walisimama mmoja mmoja kumsifu, na yule mwimba kwaya, mzee sasa, akashika kipaza sauti akasema marehemu alikuwa jirani mwema. Kanisa zima liliitikia amina. Nami nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, pamoja na mama. Niliitikia.