Mpishi Aliyekiri Kosa Lisilo Lake

Gemu lile nililichukia kabla halijaisha, na mpaka leo nikilikumbuka kifua kinapanda.

Lilifika Karatu ndani ya begi la Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kwa kujitolea upande wa Ganako. Alizoea kuja kusoma barua pepe kwenye kafe ya mama mdogo, ambako nilikuwa nafanya kazi ya kuchapa, kutoa kopi na kuwaonyesha watu namna ya kufungua anwani. Siku anaondoka nchini alituachia sahani chache za kompyuta, zile CD, akasema tujiburudishe. Nyingine zilikuwa za muziki. Hii moja ilikuwa na picha ya mwanamume aliyesimama kwenye mvua amevaa koti refu.

Fundi wetu wa mashine, kijana kutoka Singida, aliiweka alasiri ambayo hapakuwa na wateja. Tulitegemea bunduki na magari. Hapakuwa na bunduki. Kulikuwa na maneno, maneno matupu, Kiingereza kimejaa kioo chote. Wewe ni mpelelezi. Tajiri amekutwa amekufa kwa sumu nyumbani kwake, na kazi yako ni kwenda kwa huyu na yule ukazungumze nao. Mtu akisema neno, chini yake zinatokea sentensi tatu au nne, unachagua utakayomjibu kwa kubonyeza mausi. Mwanzoni kabisa unamtengeneza mpelelezi wako kwa kumgawia alama: vitisho, ujanja, huruma, usikivu. Halafu ndani ya mashine kete zinarushwa, na kete zikikubali, unayemhoji anakuamini, au anakuogopa.

"Hii ni noma," fundi alisema. Akamwaga alama zote kwenye vitisho.

Mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria, maana Kiingereza changu kilikuwa kimenolewa hotelini nilikowahi kufanya kazi. Tukamkuta mpishi wa ile nyumba, mama wa makamo, ana aproni, mikono ameificha nyuma. Fundi akaanza. Kila sentensi ya kutisha iliyotokea, aliibonyeza. Utafungwa. Watoto wako watalelewa na nani? Wenzako wameshakusema. Mpishi alijibu vilevile kila mara: sijui, bwana, mimi nilipika tu. Fundi akabonyeza tena, kete zikakubali, na yule mama akainama akasema, ndiyo, ni mimi.

Tarumbeta zikalia. Kioo kikaandika kwamba kesi imefungwa, na mpelelezi akaongezewa alama. Fundi akapiga makofi.

"Hajafanya," nilisema.

"Amekiri, dada. Si umesoma mwenyewe?"

"Hajafanya! Mtu aliyefanya huja na jibu lake mfukoni. Huyu hajui hata anaulizwa nini."

"Sasa mbona unanifokea mimi?"

Kweli nilikuwa nafoka. Nilikuwa nimesimama, na kiti kimeanguka nyuma yangu. Mama mdogo akachungulia kutoka kwenye mashine ya kopi, akauliza kulikoni. Nilitoka nje nikasimama kibarazani, malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yakipita na kunimwagia vumbi jekundu.

Sababu ni hii. Kabla ya kafe nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Nilikuja kutoka Kilimanjaro nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ile, nikaipenda. Nilipenda hata ule ukungu wa asubuhi unaoingia mpaka kwenye korido. Siku moja mgeni alisema saa yake ya mkononi imepotea chumbani. Chumba hicho nilikuwa nakisafisha mimi. Nikaitwa kwenye stoo ya mashuka, nikamkuta meneja na mlinzi mkuu, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari. Meneja hakusema sana. Mlinzi ndiye aliyeuliza, na kila nilichojibu alikuwa anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Una njia mbili," aliniambia. "Useme ilipo, uondoke kimya kimya. Au twende polisi."

Nikasema sijui ilipo. Akarudia zile njia mbili. Nikasema sijaiona. Akazirudia tena, kwa sauti ileile, mpaka nikafika mahali pa kujiuliza kama kweli sikuichukua. Hilo ndilo sijawasamehe. Baadaye wakanipekua kwenye bwalo la wafanyakazi, wenzangu wakiwa wameshika sahani zao za ugali, mpaka kilemba nikavuliwa. Hawakukuta kitu. Jioni nilishushwa Karatu na begi langu. Nilipomsimulia mama mdogo alinikumbatia akasema, "Mungu anajua." Watu wote walisema hivyo. Mungu anajua! Kama kwamba binadamu wameruhusiwa wasijue.

Basi niliporudi ndani nilimwambia fundi aondoke kwenye kiti. Nikaanza gemu upya. Mpelelezi wangu nilimpa usikivu, nikamnyima vitisho kabisa.

Nililicheza siku nyingi, kila wateja walipopungua, mama mdogo akinung'unika kuhusu umeme. Lazima niseme ukweli: lilikuwa limeandikwa vizuri. Watu wake walikuwa na kiburi, aibu na vichekesho kama watu. Na katika zile sentensi za kuchagua mara nyingine ilikuwamo moja isiyo na maneno: kaa kimya. Fundi hakuwa ameigusa hata mara moja. Mimi niligundua kwamba ukikaa kimya mwenye hatia anahangaika, anaanza kujaza ule ukimya kwa maneno yake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyompata muuaji. Alikuwa mpwa wa marehemu, mtu wa tabasamu, anayekaribisha kila mtu chai. Tarumbeta zikalia, mkuu wa polisi akanisifu.

Lakini katikati ya gemu polisi walikuwa wamemweka mpishi rumande kwa kumshuku tu, na mwishoni akarudi jikoni kwake. Nikamrudia. Nilitaka kumwambia pole. Sentensi zikatokea tatu: muulize kuhusu chakula cha usiku ule, muulize kuhusu ufunguo, muage. Nikatoka, nikaingia tena. Zilezile tatu. Nikamwita fundi atafute kama kuna nyingine imejificha. Akatafuta, akacheka.

"Hakuna, dada. Kesi imeisha. Nani ana haja na mpishi?"

Nikapiga meza mpaka kibodi ikaruka.

"Jamani, ni gemu tu!"

"Aliyeliandika ni mtu," nilimwambia. "Alikaa akafikiria maneno yote hayo, mpaka ya kuagana. Neno la pole hakulifikiria."

Usiniambie nilikuwa nagombana na mashine. Nilijua niliyekuwa nagombana naye, na nilijua anapoishi. Yule mlinzi mkuu alikuwa amestaafu, amefungua bucha karibu na uwanja wa mnada. Miezi yote ile nilikuwa navuka barabara nisikutane naye. Mimi ndiye niliyekuwa navuka! Kesho yake nikaenda.

Alikuwa anakata mbavu. Alinitambua mara moja, nikaona kisu kimesita. Sikumwamkia. Kwetu kumnyima mzee shikamoo si jambo dogo, na alisubiri niitoe. Nikamwangalia tu.

"Binti," alisema mwishowe. "Nikukatie nyama?"

Kimya.

"Habari za siku nyingi?"

Sikujibu. Nzi walikuwa wanazunguka kwenye mizani. Akafuta mikono, akakata kipande kisicho na maana, akakiweka chini. Na kama yule mpwa wa kwenye gemu, akaanza mwenyewe.

"Ile saa... mimi nilimwambia meneja wakurudishe kazini. Nilimwambia. Mgeni alipiga simu wiki ileile akiwa Arusha, kabla hata hajapanda ndege. Aliificha mwenyewe kwenye soksi, soksi ndani ya kiatu, akasahau. Meneja akasema nafasi yako imeshajazwa, tusichokonoe mambo. Mimi nilikuwa mtu wa kuamriwa, mwanangu."

Wiki ileile. Walijua wiki ileile, na mimi nikaishi kama mwizi, nikiona aibu kuingia kanisani.

"Mimi si mwanao," nilimwambia. Hayo ndiyo maneno pekee niliyomwachia.

Asubuhi iliyofuata niliomba lifti kwenye pikapu inayopeleka mboga mahotelini, nikapita lango la hifadhi nimekaa juu ya magunia ya kabichi. Meneja alinipokea ofisini kwa adabu kubwa, akaniagizia soda. Nikamwambia nimeshajua kuhusu saa. Hakukana.

"Tulifuata utaratibu," alisema. "Lakini kama unataka kazi, tuzungumze. Msimu unaanza, tunahitaji watu wenye uzoefu."

"Nataka useme mbele yao. Palepale bwaloni mliponivua kilemba."

"Hayo ni mambo ya zamani. Wengi wa wakati ule hata hawapo."

"Waliopo wanatosha."

Akatabasamu, akasema ana kikao, akafungua mlango ili nipite. Soda ilikuwa haijafunguliwa.

Nikapita, lakini sikuelekea getini. Njia ya bwaloni naijua. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, wamekaa kwenye mabenchi yao, nyuso nyingi ngeni, chache ninazozijua. Nikasimama mbele nikajitaja. Nikasema saa niliyosingiziwa ilipatikana kwenye kiatu cha mwenyewe, na uongozi ulijua, na haukusema. Sauti ilikuwa inakatika kwa hasira, Kiswahili kikachanganyika na Kichaga, lakini nilimaliza. Mlinzi wa siku hiyo alikuwa ameshanishika mkono.

Hawakupiga makofi. Wengine waliinamia sahani zao, maana wana watoto na kazi ni kazi. Mama mmoja wa dobi, Mwiraqw niliyefanya naye kazi, aliinuka akaja mpaka mlangoni, akamwambia yule mlinzi aniachie, nitatoka mwenyewe. Akanisindikiza hadi getini, na tulipofika akanishika mikono yote miwili.

"Tulidhani uliichukua," alisema. "Mimi pia nilidhani."

Nilitaka kumkasirikia na yeye. Nilikuwa na haki. Lakini alikuwa amesema, mbele ya uso wangu, jambo ambalo wakubwa wake wote walishindwa kulisema. Nikamwambia nimesikia. Halafu nikasimama barabarani kwenye baridi, nikingoja gari la kunirudisha Karatu, na hasira yangu ilikuwa bado nzima, ila sasa ilikuwa inajua njia ya kwenda.