Anayenusa Bandeji

Muuguzi wa vidonda katika zahanati yetu ya Mashewa haanzi kwa kutazama; huanza kwa kunusa. Akishaifungua bandeji ya baba huipeleka puani, uso kaugeuzia dirishani ili tusisome kitu machoni mwake. Kisha hubadilisha glavu, hupaka asali ya dawa kwenye shashi safi na kuilaza juu ya kidonda. Vidole vyake vifupi havina haraka. Haraka zake zote ziko mdomoni. “Mzee, miguu ya kitanda umeiweka kwenye makopo ya maji? Sisimizi wakiifuata hii asali usije kunilaumu mimi!” Baba huguna tu. Alijikata kwa panga shambani, kidonda kikaoza mpaka tukaambiwa mguu huenda ukaondolewa.

Leo muuguzi alinusa, akanusa tena, wala hakugeukia dirishani. Alininyooshea mimi ile bandeji. “Husna, hebu nusa.” Nilibana pumzi kwanza, kwa kuuzoea ule uvundo. Nilipovuta, ilikuwa asali, asali tupu.

“Haya,” akamwambia baba, huku akitafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake. “Huo mguu, mzee, utarudi nao shambani.”