Tulivyochagua "meneja" kwenye draft ya basketball Durban, ukumbi mzima ukatucheka

Wakuu, nawasalimu kutoka Durban.

Najua humu ukiandika kitu kirefu watu wanauliza sukari iko wapi, maana wameshaona ni chai. Leo hamna chai. Nilikuwepo, nilipiga kelele mwenyewe, na sauti ilinikauka hadi kazini wakaniuliza naumwa nini.

Mimi ni Mtanzania, fundi wa friji, naishi kwenye maghorofa ya Albert Park. Jirani zangu wengi ni Wakongo na Warundi. Nilipofika sikujuana na mtu. Nilikuwa natoka kazini, nafunga mlango, nalala. Kilichonitoa ndani ni basketball.

Huku tuna ligi yetu wenyewe ya wahamiaji. Timu yangu inaitwa Vumbi. Aliyeianzisha ni Maman Josée, mama wa Bukavu mwenye saluni mtaani kwetu, na jezi zote anashona yeye. Siku ya kwanza nilikwenda kutazama tu. Akaniuliza jina langu, na mechi ilipoisha alikuwa ananiita kwa jina kutoka upande wa pili wa uwanja. Mnaweza kuona ni kitu kidogo. Kwangu hakikuwa kidogo hata kidogo.

Sasa ligi ina sheria moja ya kikatili. Ukishika mkia misimu miwili mfululizo, timu inavunjwa na wachezaji wanagawiwa timu nyingine.

Msimu ule mkia tuliushika sisi.

Na point guard wetu, mtu pekee aliyeweza kuvusha mpira nusu ya uwanja bila kunyang'anywa, akahamia Cape Town. Maman Josée hakulalamika. Alisema tu kwamba Vumbi ikifa, yeye kwenye viti vya uwanjani harudi tena. Kauli ile ilinikaa kifuani.

Faraja ilikuwa moja: anayeshika mkia ndiye anachagua wa kwanza kwenye draft, ile siku ya kugawana wachezaji wapya. Na kwetu kocha haamui peke yake, mashabiki tunapiga kura. Hapo ndipo kimbembe kilipoanza.

Group letu la WhatsApp liligeuka bunge. Upande mmoja alikuwepo Daktari Mutiso, Mkenya anayefundisha chuo kule Westville. Yeye alitaka tumchukue mwanafunzi mmoja Mkenya, mrefu hadi wenzake wanamwita Twiga. Upande wa pili nilikuwepo mimi na kelele zangu.

Nikasema warefu tunao tayari, wanasimama chini ya ring mikono juu kama wanasubiri pambio liishe. Tatizo ni nani atawafikishia mpira. Mutiso akajibu kwa aya ndefu kama za kitabu kwamba ufundi unafundishika, urefu haufundishiki. Nikamwuliza kama atawafundisha kupiga pasi kwa kutumia projector. Tukanuniana, tukawa tunapishana uwanjani bila salamu. Watu wazima na ndevu zetu.

Draft inafanyika Jumapili mchana, ukumbi wa kanisa kule Morningside. Kila mchezaji mpya anasimama, anajitambulisha, anasema anacheza nafasi gani. Halafu timu zinachagua kwa zamu, raundi mbili, kwisha.

Hapa nisikilizeni vizuri. Wakongo na Warundi wengi wa ligi yetu ni walokole, na ibada yao haina haraka. Kwa hiyo utambulisho ulianza wao wakiwa bado wanaimba huko kanisani kwao. Ukumbini tulikuwa sisi Watanzania na Wakenya tu.

Akasimama jamaa mmoja Mrundi, mfupi, kapiga suti ya kijivu na tai. Yeye Mkatoliki, misa yao iliisha mapema. Kwa sauti ya chini akasema anaitwa Innocent, katokea Bujumbura, na yeye ni meneja.

MC, ambaye ni Mkenya, akamshukuru sana. Akamwambia viongozi wanakaa meza ya mbele. Akapelekewa maji baridi. Jamaa akakaa pembeni ya pasta mwenye ukumbi, amenyooka mgongo, anatabasamu.

Mimi nikasema moyoni, sisi tunatafuta wachezaji, mtu anatuletea umeneja.

Raundi ya kwanza tukapiga kura kwa mikono. Twiga akashinda, tena kwa mbali. Sitawaficha, nilinuna. Halafu nikakaa nashuhudia point guard mmoja mmoja akichukuliwa na timu nyingine mpaka wakaisha. Raundi ya pili ilipokaribia zamu yetu, waliobaki wote walikuwa warefu wa kusimama chini ya ring. Nikatoka nje kupunga upepo kabla sijamtukana mtu ndani ya ukumbi wa Mungu.

Mlangoni nikakutana na Maman Josée anaingia, bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Akachungulia ndani, akatazama meza ya mbele.

"Papa, ule meneur njo nani alimukamata?"

Nikamwuliza, kachukuliwa meneja yupi?

"Meneja ya nini? Meneur, papa. Kwa Français. Ule anapeleka mupira, anagawia benzake. Nilimuona anacheza ku terrain jana. Juu ya nini banamukalisha sawa pasta?"

Wakuu, nilimgeukia yule jamaa wa suti.

Meneur. Kifaransa cha point guard, sisi tukasikia meneja. Yaani mtu tuliyekuwa tunamlilia alikuwa amekaa mbele yetu muda wote, anakunywa maji ya viongozi. Na yeye hakushangaa kwa nini amepelekwa pale. Alikuja kutuambia baadaye kwamba alidhani Afrika Kusini ndivyo wanavyomheshimu mtu wa nafasi yake.

Nikarudi ndani mbio. MC alikuwa anaiita Vumbi kwa mara ya mwisho, na Mutiso ameshafungua mdomo kutaja mrefu mwingine.

Nikapiga kelele: "Vumbi tunamchukua yule meneja!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nahodha wa Ridge, mabingwa wa kule kule Morningside, akatuuliza kama tunaandaa kamati ya mazishi. Mutiso alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi kimya. Ningeeleza pale pale, wangesema utambulisho urudiwe, halafu Ridge wangemnyakua. Nikasubiri MC athibitishe, na MC akathibitisha huku anajifuta machozi ya kicheko.

Innocent akasimama. Akavua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti, akaja kukaa na sisi.

Nilipoeleza kwenye group, nusu hawakuniamini. Na mechi za mwanzo zikawapa haki, maana tulipigwa. Innocent alikuwa anamfokea Twiga aingie "raquette", yaani lile eneo la chini ya ring, na Twiga anasimama anashangaa, anajua raketi ya tenisi tu. Mpira unapita mbele ya pua yake unatoka nje.

Maman Josée ndiye aliyetibu. Aliwakalisha wote wawili saluni kwake, wateja wakiwa chini ya dryer, akawa anataja neno, Twiga anarudia hadi linakaa. Akina mama waliokuwa wanasukwa nao wakajua basketball yote kwa Kifaransa.

Tukaanza kushinda. Lakini tulishachimba shimo refu, na mechi ya mwisho ikatukuta na Ridge. Tukishinda tunabaki. Tukifungwa, Vumbi haipo tena.

Siku hiyo Maman Josée alikuja na jezi mpya ya Innocent. Mgongoni kashona kwa herufi kubwa: MENEJA.

Nisiwachoshe na mechi nzima. Ridge wana watu wa mazoezi, na hadi dakika ya mwisho tulikuwa sare. Mpira wetu. Innocent anaupandisha taratibu, jamaa wao mkubwa anamganda, Maman Josée kasimama juu ya kiti cha mbele. Innocent akapaza sauti, "Raquette!"

Twiga akaingia kama anaitwa nyumbani kula. Pasi ikapita kwapani mwa yule jamaa. Twiga akaruka, akaiweka ndani. Kipyenga.

Jamani. Nililia. Nilimkumbatia Mutiso hadi miwani yake ikaanguka, na yeye ananipigia kelele sikioni, "Si nilikuambia urefu haufundishiki!" Na alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa sahihi pia. Bila mrefu ile pasi haina pa kwenda, na bila yule mfupi haitoki.

Maman Josée aliketi, akajifunika uso na kitambaa chake. Kisha akaanza kutuita majina, mmoja mmoja, kutoka upande wa pili wa uwanja. Langu lilikuwemo.

Yule yule MC wa draft akaja na maiki kumtangaza Innocent mchezaji bora wa mechi. Akamwuliza, bro, hebu waambie watu, wewe unacheza namba gani?

Innocent akageuka, akawaonyesha Ridge mgongo wake, akasema kwenye maiki: "Mimi ni meneja."

Hakuna aliyecheka safari hii isipokuwa sisi.

Nilichojifunza, wakuu: ukisikia neno na ukadhani umelielewa, uliza tena. Kiswahili chetu ni kimoja ila kila mtu kapita nacho njia yake, na kwenye tofauti hizo ndimo mchezaji wako anaweza kuwa amefichwa mchana kweupe.

Sasa hivi ni offseason tena. Mutiso anataka mrefu mwingine, tumeshanuniana. Safari hii draft haianzi mpaka ibada ya Wakongo iishe, tumekubaliana ligi nzima.

Mlioko ughaibuni, ni neno gani liliwahi kuwapiga chenga? Na wajuzi wa basketball, pick ya kwanza mngemchukua nani, mrefu au mfupi? Matusi ruksa, ila Vumbi ipo.