Bibi Aliyemruhusu Pankajam Akue

Akiwa mtoto, Pankajam alicheza filamu kama Murugan, mungu kijana wa Kihindu, na watu wakamwamini kwelikweli. Kwenye mahema ya sinema walivua viatu, wakamfukizia kafuri mbele ya picha. Alipokua akapewa filamu ya mapenzi, na mama yake akakosa usingizi: watakubali mungu wao akumbatiwe?

Siku ilipoanza kuonyeshwa, Pankajam alijifunika sari asitambulike, akaketi mchangani na akina mama, karibu na Velayutham, mwendesha mashine ya sinema, ambaye baadaye alimwoa. Stelingi alipomshika kiuno kwenye pazia, minong'ono ikazagaa hemani. Mwanamume mmoja akainua kandambili airushe.

"Weka chini hiyo!" bibi mmoja akafoka. "Binti zako wewe hawakui? Huyu tumemlea sisi. Leo kapata mchumba, wewe wanuna nini? Au ulimtaka wewe?"

Hema likaangua kicheko. Pankajam akalia ndani ya sari yake, kwa furaha.

Tangu hapo filamu zikafuatana, na jina lake likaenea. Sasa ameshafariki. Velayutham huwasha taa ya jioni peke yake, akamshukuru mkewe, kisha bibi yule. Bila yeye Pankajam angebaki mungu, na mungu haolewi na mwendesha mashine.