Chumba cha Ndani Hakiingiwi na Mtu Mmoja

Chumba cha ndani hakiingiwi na mtu mmoja. Kanuni hiyo Sada Shamte aliiandika mwenyewe katika mpango wa usalama wa maabara anayofanyia kazi mjini Lindi. Wapo wanaoandika kanuni ili mkaguzi azikute ukutani. Sada aliziandika zifuatwe, na wa kwanza kuzifuata awe yeye.

Ndiyo maana Jumamosi ile, siku bintiye Batuli anaozwa Kitomanga, Sada alikuwa maabara. Alfajiri ilikuwa imeletwa damu ya ng'ombe waliokufa ghafla Milola. Ilidhaniwa ni kimeta, ugonjwa usiobagua ng'ombe na mla nyama, na kijiji kilikuwa kinasubiri majibu. Mwenzake Faustino asingeweza kuingia peke yake.

"Dada, akdi si adhuhuri?" Faustino alimtania. "Au umejificha huku usicheze ngoma?"

"Nikicheza mimi, wewe utaumwa kiuno kwa kutazama tu."

Wakacheka. Saa tano juu ya alama, mashine ya kuzungushia damu ikalia: ka! Chupa ilikuwa imepasuka ndani. Mkono wa Faustino ukakimbilia kifuniko.

"Acha! Zima! Toka!" Sada akamkemea.

Wakatoka, wakafunga mlango, wakavua, wakanawa. Sasa nusu saa nzima ya kungoja, hewa ya mle ndani itulie. Nje honi ikalia mfululizo. Alikuwa Ridhiwani, kaka yake Sada, amekuja kumchukua.

"Mama mwenye harusi! Shehe hasubiri mtu!"

Sada akampigia Emerensiana, mwenzao wa tatu. Yuko Nyangamara, simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nenda, dada," Faustino akasema. "Nitasafisha peke yangu. Nani atajua?"

"Ukianguka mle, nani atakutoa? Barakoa ikilegea, nani atakwambia? Vaa!"

Ridhiwani, aliyekuwa ameshashuka garini na kufika mlangoni, akashika kichwa. "Unamwacha mwanao kwa ajili ya kichupa?"

"Simwachi Faustino. Nenda wewe ukasimame pale, kaka. Mwambie Batuli nakuja."

Gari likaondoka kwa kishindo. Nusu saa ilipotimia wakaingia wawili, nguo za kinga hadi kooni. Wakamwaga dawa, wakangoja tena, wakaokota vipande vya chupa kwa koleo kimoja kimoja, wakavitia kwenye pipa la mvuke wa kuulia vijidudu. Kisha wakachukua damu iliyobaki, wakaipaka kioo, Sada akainamia hadubini.

"Faustino! Njoo uone! Kimeta chenyewe!"

Faustino akatazama, akaruka, akakimbilia simu. "Milola? Nyama isiguswe! Hata kipande! Chomeni mizoga yote!" Upande wa pili watu walikuwa wameshaanza kunoa visu.

Ilikuwa saa saba na nusu. Sada akaoga, akarukia pikipiki, akamwambia dereva asimame Kitomanga tu.

Alikuta majamvi yanakunjwa. Batuli alikuwa ameshaozwa na ameshapelekwa kwa mumewe Kilwa. Aliozwa mama mzazi hayupo, na Batuli hakupokea simu ya Sada kwa miezi minne.