Swali Nililorudi Nalo Doha

Mwanangu, ipo siku moja isiyonitoka akilini, na hunijia zaidi ninapokuona umenyamaza na jambo lako kifuani, ukidhani ni wewe peke yako unayelibeba. Keti hapa nikuhadithie. Mimi sina haraka, nawe leo usiwe nayo.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikifanya kazi ya uyaya Doha, katika nyumba moja ya Abu Hamour. Kidato cha nne nilikimalizia kwetu Taita, nikapita vizuri kuliko walivyotarajia nyumbani, kisha mambo yakaharibika kama yanavyoharibika, nikajikuta ndani ya ndege. Nilikuwa nataka kuwa mwalimu. Hilo sikumwambia mtu. Kazi yangu ilikuwa kumlea Khalid, mtoto wa miaka mitatu, kumlisha, kumwogesha na kumbembeleza, na niliifanya kwa moyo kwa sababu mtoto yule alinipenda kweli.

Sasa, wenye nyumba za Doha hawalisubiri joto la Agosti wakiweza kulikimbia, na wakisafiri husafiri na yaya. Mwaka huo tulikwenda Ulaya. Siku moja mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Madam, akataka kuona chuo kikuu kimoja cha zamani sana, ambacho watu huja kukitazama kutoka kila pembe, kama wanavyokuja kwetu kutazama ndovu.

Acha nikueleze kidogo kilivyo. Chuo chenyewe si jengo moja. Ni nyua za mawe, ukitoka ua huu unaingia ule, na katikati ya kila ua pana nyasi zilizokatwa sawasawa kama nywele za mtoto siku ya kufungua shule. Nyasi hizo mgeni hazikanyagi. Wapo walimu wanaoruhusiwa, sisi wengine tunazunguka pembeni. Ngazi zao zimelika katikati kwa miguu ya wanafunzi waliozipanda tangu enzi za mababu zao. Nilimweka Khalid begani, kigari chake kimekunjwa mkono wa pili, nikakanyaga pale palipolika. Moyo wangu ulishtuka, mwanangu. Sikujua ni furaha au ni uchungu.

Aliyetutembeza, sisi na wageni wengine, alikuwa mama mzee mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyefundisha miaka mingi. Alipotufikisha kwenye ukumbi wa chakula, wenye meza ndefu na picha za wazee ukutani, akauliza kama kuna mwenye swali. Mtu mmoja akauliza kama kuna mizimu. Mwingine akauliza choo kiko wapi. Madam akauliza, "Vyumba vya wanafunzi vina AC?" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, ingawa aliuliza kwa dhati kabisa.

Kisha yule mama mzee akanitazama mimi. "Na wewe je?" akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole.

Swali nilikuwa nalo. Nilitaka kujua mtu kama mimi anaingiaje kusoma. Si lazima pale penyewe, popote, lakini anaanzia wapi? Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikainama nikampangusa Khalid mdomo, na mdomo wake haukuwa na kitu. Nilipoinuka, kundi lilikuwa limesonga mbele.

Hakuna aliyenikataza. Madam hata hakunitazama vibaya. Ningeweza kukuambia kwamba alinitazama vibaya, na hadithi ingekuwa rahisi, lakini haikuwa hivyo.

Tulipotoka, walinunua aiskrimu, nami nikakaa na Khalid kwenye benchi. Msichana wa rika langu akapita mbio, nywele zimelowa, kipande cha mkate kimening'inia mdomoni, vitabu kifuani. Amechelewa darasani, nikajua. Nikamfuata kwa macho mpaka akapinda kona. Nilitamani nimwambie mtu, "Umemwona yule?" Nikageuka. Palikuwa na Khalid amelala. Katika safari ile yote hapakuwa na mtu wa kumwambia neno hata moja kwa lugha yangu, lakini hapo kwenye benchi ndipo nilipolisikia hilo hasa.

Tukarudi Doha. Kule Ijumaa ndiyo siku ya kanisa kwa sisi Wakristo, na wengi hukutana kwenye makanisa ya Mesaimeer. Baada ya ibada watu wa kwetu hukaa kivulini kupiga gumzo, na ilikuwa desturi yetu kwamba aliyesafiri na mabosi arudi na chokoleti za uwanja wa ndege na atoe habari za safari. Chokoleti nilileta. Habari ndizo zilizonishinda.

"Haya, Ulaya, tuambie," akasema Zawadi, msichana wa Kilifi aliyefanya kazi hotelini, mwenye mdomo usio na breki.

"Kuzuri," nikasema.

"Kuzuri tu? Mimi nikienda supamaketi narudi na maneno mengi kuliko hayo!"

"Nyasi zao hazikanyagwi."

"Wacha wee! Zinaliwa?"

Wote wakaangua kicheko. "Huyu ametuletea chokoleti, mdomo ameuacha kule," Zawadi akamalizia, nao wakacheka tena. Nami nikacheka, cha juujuu. Ijumaa iliyofuata nikaenda kukaa peke yangu upande wa kuegesha magari. Na nyingine vivyo hivyo. Madam alikuwa ameshaniuliza kama nitaongeza mkataba wa miaka miwili, nami nilikuwa nimeamua kusema ndiyo na kuizika kabisa habari ya shule. Niliona nimeshaonyeshwa nilichokitaka, na kwamba si changu.

Kati yetu alikuwako Mama Nekesa, mwenyeji wa Bungoma, aliyefanya kazi ya dobi hotelini na kutupita sote kwa umri. Ndiye aliyenifuata kwenye magari.

"Wakesho, umefiwa?"

"Hapana, Mama."

"Una mimba?"

"Mama!"

"Basi ni nini? Tangu urudi unakaa huku unasalimiana na matairi."

Nikamweleza. Nilidhani atanihurumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiupepea uso kwa kitambaa cha kichwa, kisha akanigombeza kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Yule mama alikuuliza kwa kinywa chake mwenyewe, ukanyamaza. Sawa, uliogopa, kila mtu huogopa. Lakini sasa umekinunia chuo, na umetununia sisi. Sisi tumekukosea nini? Nani kati yetu amekuambia hapana? Umejijibu mwenyewe, na jibu lenyewe ulilojipa ni baya. Simama."

"Twende wapi?"

"Simama, nimesema."

Akanishika mkono mpaka kivulini, mbele ya watu wote. "Uliza," akasema.

"Nimuulize nani?"

"Sisi."

"Lakini Mama, nyinyi hamjui."

"Tusijue. Sema tusikie."

Mwanangu, uso uliniwaka. Nikasema huku natazama chini, "Nataka kusoma ualimu. Mtu kama mimi anaanzia wapi?"

Nikangoja kicheko cha Zawadi. Hakikuja. Zawadi alikuwa anachezea kamba ya kiatu chake. "Mimi nilitaka udaktari," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mkinicheka nitawapiga."

Hakuna aliyecheka. Okello, askari wa lango kutoka Uganda, akasema aliacha chuo mwaka wa pili na mkewe tu ndiye aliyejua. Kisha akanigeukia. "Mke wangu ni wa nchi yenu, Busia. Dada yake ameingia chuo cha ualimu juzi, ana watoto wawili. Nitamuuliza alifanyaje. Wewe ulipata alama gani?"

Nikazitaja. Zawadi akainua kichwa. "Alama hizo, na unaosha chupa za uji? Aki wewe ni mjinga!" Hapo ndipo wakacheka, nami nikacheka nao, na safari hii kicheko kilitoka tumboni.

Sikuongeza mkataba. Nilipomwambia Madam, alisema tu, "Khalid atalia." Alilia. Nami nililia uwanja wa ndege hadi mtu wa kukagua pasipoti akanipa karatasi ya kujipangusa. Katika chuo cha ualimu nilichoingia nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, na mabati yetu yalivuja, na mpaka leo nafundisha.

Mama Nekesa alirudi kwao kabla sijapata barua ya kuitwa chuo. Nilipiga namba yake ya Doha, akapokea mtu mwingine. Nikapiga ya Bungoma, haikupatikana. Nimewauliza watu wengi wa huko. Mpaka leo hajui kama niliingia, na hilo bado linaniuma, hasa jioni za Ijumaa.

Basi nasaha yangu ni hii. Utafika mahali pakubwa, uonyeshwe mazuri ya watu, na moyo utakuambia kwamba ulikuja kutazama tu. Usiwajibie watu kabla hujawauliza. Lililo moyoni litoe kwa sauti, hata kwa wasiojua jibu, kwa sababu mara nyingi aliyekaa karibu nawe analo hilohilo na anaogopa vilevile. Na mwenzako akisema lake, mwache amalize kabla hujamtania. Ukipata mtu wa kukuvuta mkono, mshukuru angali anasikia. Usiahirishe.

Mungu akufungue kinywa, mwanangu, akupe wasikilizaji wenye subira, na popote utakapofika asikuache ukae peke yako. Amina. Haya, sasa niambie. Kuna nini?