Tulivyochutama Shambani Radi Ikipiga

Mwaka wangu wa kwanza Kigoma nilikuwa mtu wa kulalamika. Nilihamishiwa huko kikazi kutoka Tanga, nikapanga chumba Katubuka, na mvua za mwaka ule zikatuamisha maji uani mpaka tukawa tunakanyaga matofali kwenda chooni. Kila asubuhi nilimwamkia mama mwenye nyumba, mjane wa Kiha aliyevuka miaka sitini, na baada ya shikamoo nilianza: matope, mbu, umeme kukatika. Alinisikiliza tu. Jumamosi moja akaniambia, "Mwanangu, leo twende shamba. Ukatembee kidogo."

Shamba lake la mihogo lilikuwa mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Yeye alibeba jembe, mimi mwavuli. Njia nzima niliongea mimi tu.

Tulipofika juu, upepo ukatulia ghafla. Ziwa kule chini lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na wingu lilikuwa linatujia kutoka upande wa Kongo. Nikaona mwanga, kisha mlio uliotikisa kifua. Pembeni mwa shamba palikuwa na mchikichi mmoja. Nikauendea mbio.

Mama alinidaka nguo kwa nyuma. "Siyo kwenye mti. Tupa mwavuli."

Akalitupa jembe lake mbali, akanisukuma kwenye mfereji kati ya matuta. "Chutama. Bana miguu. Inamisha kichwa."

Nikamshika mkono. Akauondoa mkono wangu.

"Usinishike. Kaa kule. Radi ikimpiga mmoja, mwingine aende kuita watu."

Maneno hayo yalinitia hofu kuliko ngurumo. Nikasogea hatua kumi, nikachutama peke yangu. Mvua ikatupiga. Nilitaka kusoma sura ya Kurani niliyoijua tangu utotoni, haikuja. Nilimsikia yeye akisali Baba Yetu kwa Kiha, taratibu, kama anayehesabu mbegu. Kila mwanga ulipopita nilisema moyoni kwamba unaofuata ni wangu.

Kisha ukaja mmoja ambao sikuusikia kama mlio. Ulikuwa kama kofi. Nilipofumbua macho nilinusa nywele zilizoungua, nikajipapasa kichwa kwanza.

Mvua ilipopungua tuliona aliyepigwa. Alikuwa mbuzi wa jirani, amefungwa kigingini hatua kama arobaini kutoka nilipokuwa. Mchikichi haukuguswa hata jani. Tulikuwa tumefanya kila alichojua yeye, na bado radi ilipiga mahali pa wazi kama tulipokuwa sisi.

Mama alisogea karibu na mbuzi, akasema, "Mume wangu radi ilimpata shamba hili hili."

Nikakaa kwenye tope. "Na bado unalima hapa?"

"Nitalima wapi? Ndilo nililonalo. Nikija naogopa. Nikirudi jioni nashukuru, basi. Kesho yake naogopa tena."

Hakulisema kama somo. Alikwenda kuokota jembe lake, tukachimba mihogo ya kutosha sufuria moja, kisha tukapita kumwarifu mwenye mbuzi.

Wakati wa kushuka mji wote ulikuwa mbele yetu, mabati yamelowa kuanzia mtaa wa Mwanga hadi Ujiji. Niliitafuta nyumba yetu na ua wake, sikuviona. Mambo niliyoyalalamikia miezi yote ile hayakuwa na ukubwa wa kuonekana kutoka pale. Sikufurahi kwa kulijua hilo. Niliona aibu kidogo, na bado niliogopa.

Hata leo wingu likitanda naacha kazi na kuhesabu toka mwanga hadi mlio. Siku ile, kabla hata ya kubadili nguo, nilimpigia mama yangu Tanga.

"Mama, mimi mzima," nikamwambia.

"Kwani ulikuwa unaumwa?" akauliza.

"Hapana. Nimeona tu nikwambie."